Uzamivu wa TEHAMA katika Mikoko ya Salale

Shahada ya uzamivu ndiyo ngazi ya 10 na ya mwisho katika mfumo wa tuzo za elimu nchini Tanzania, na kinachoitenga na shahada zilizoitangulia ni kwamba mwanafunzi wake hupimwa kwa tasnifu, yaani andiko refu la utafiti linalotoa jambo ambalo halikuwa likijulikana katika fani husika, na ambalo watahini, akiwamo mtu wa nje ya chuo, wameridhika kuwa ni la kweli na ni kazi ya mwenyewe. Katika teknolojia ya habari na mawasiliano, ambayo Watanzania wameizoea kwa kifupi chake cha TEHAMA, jambo hilo jipya laweza kuwa njia bora ya kupanga data, programu inayofanya kazi mahali ambapo nyingine hushindwa, au maelezo ya sababu za mfumo mmoja wa kompyuta kufaa katika ofisi moja na kukwama katika ofisi ya jirani. Uzamivu unaosomwa kwa njia ya mtandao hauna kipimo kingine. Kilichobadilika ni kwamba mwanafunzi na msimamizi wake wa utafiti hukutana kwa intaneti, maktaba husomwa kwenye kioo cha kompyuta, na mwanafunzi haondoki anakoishi.

Huko kutoondoka ndiko ambako hakujathaminiwa ipasavyo. Elimu ya masafa huzungumzwa mara nyingi kama nafuu waliyopewa wasioweza kuacha kazi, shamba au familia, na nafuu hiyo ni ya kweli, lakini katika TEHAMA ipo faida nyingine iliyo ya kitaaluma kabisa, nayo ni kwamba mtafiti hubaki pale lilipo tatizo analolichunguza, akaliona katika masika na kiangazi, wakati mitambo inapofanya kazi na wakati inapokufa. Mahali pa kuipima hoja hiyo ni kata ya Salale, iliyo katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, ndani ya delta ya mto Rufiji, kwa sababu ni mahali ambapo mtu angedhani kuwa uzamivu wa kompyuta hauna la kufanya, na ambapo kwa hakika lipo jingi.

Delta ni eneo ambalo mto, ukikaribia bahari, hugawanyika katika matawi mengi na kumwaga tope lake hadi visiwa vikaumbika. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote ulio mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 imo ndani ya eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa linalotambuliwa na Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu. Salale iko upande wa kaskazini. Nyamisati, ambako abiria wa kisiwa cha Mafia hupandia vyombo vya kwenda Kilindoni, ndilo lango lake linalojulikana na wengi, na kutoka hapo kwenda ndani ya delta safari ni ya mtumbwi au mashua, na saa ya kuondoka huamuliwa na maji kujaa na kupwa. Wakazi hulima mpunga kwenye ardhi inayopata maji baridi ya mto, huvua kamba na kaa, na huitegemea mikoko kwa mengi.

Si mara ya kwanza kwa taarifa kuhusu Salale kuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika matawi ya Rufiji, ambayo Wajerumani walikuwa wameyapima na ambayo Waingereza hawakuwa na ramani yake ya kutegemewa, na kilichowafungulia njia Waingereza ni hati zilizokamatwa mwezi Oktoba katika meli nyingine iliyokuwa Lindi, zikionyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Salale. Königsberg iliangamizwa Julai 1915, mizinga ikielekezwa na ndege zilizoruka juu ya delta na kutoa taarifa kwa redio. Katika habari hiyo yote wenyeji walikuwa ni watu waliotazamwa kutoka juu, na ramani zilizochorwa hazikuwa kwa ajili yao. Ni jambo la kukumbukwa na mtafiti yeyote anayekusudia leo kuipiga picha delta kutoka angani.

Kwa mkazi wa Kibiti anayetaka kusoma bila kuhama, chuo cha kwanza kufikiriwa ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 kikiwa na kazi mahsusi ya kufundisha kwa masafa, na ambacho kina vituo katika mikoa ya nchi nzima na huendesha shahada za uzamivu. Nyuma yake ipo historia ndefu ya dunia: Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kinachojulikana kwa kifupi kama UNISA, kiligeuzwa kuwa chuo cha kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikapata hati yake mwaka 1969, kikaja kuwapelekea wanafunzi wake mihadhara kwa redio na televisheni. Kenya nayo ilizindua chuo kikuu huria chake mwaka 2023. Katika TEHAMA yenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake Kijitonyama, na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Arusha, lakini hizo zimejengwa zaidi kwa mwanafunzi anayefika chuoni.

Anayetazama nje ya Afrika Mashariki anapaswa kujua kwamba miundo ni miwili. Vyuo vinavyofuata desturi ya Uingereza, na vingi vya Tanzania vimo humo, huweza kumkabidhi mwanafunzi utafiti tangu mwanzo: huandika pendekezo la utafiti, yaani mpango unaoeleza swali lake na njia ya kulijibu, halafu huufanya chini ya msimamizi hadi tasnifu ikamilike. Vyuo vya Marekani huanza na masomo ya darasani na mtihani mpana unaofungua mlango wa tasnifu, na baadhi yake hutoa pia uzamivu wa kitaalamu, ambao humwandaa mtu kutatua matatizo ya kazini kuliko kujenga nadharia. Hakuna ulio bora kwa kila mtu, ila mwenye swali lake tayari, na kwake swali lipo mlangoni, hana sababu kubwa ya kulipia miaka miwili ya masomo ya jumla kabla hajaligusa.

Swali la namna hiyo linaonekanaje? Mfano mmoja watosha, nao unahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo kwa kuwa ndani yake ndimo uzito wa hoja ulimo.

Setilaiti mbili za Ulaya za aina ya Sentinel-2, iliyorushwa mara ya kwanza mwaka 2015, zikifanya kazi kwa zamu hupiga picha ya kila mahali penye nchi kavu karibu kila baada ya siku 5, na picha hizo hutolewa bure. Kila picha imeundwa kwa vipande vidogo vya mraba, na katika rangi zilizo kali zaidi kipande kimoja huwakilisha mita 10 kwa mita 10 za ardhi. Landsat, setilaiti za Marekani za zamani zaidi, vipande vyao ni vya mita 30, hivyo kimoja hubeba eneo la vipande tisa vya Sentinel. Mtafiti huichukua picha, akaionyesha kompyuta sehemu ambazo tayari anajua ni mikoko, sehemu anazojua ni mpunga na sehemu anazojua ni tope tupu, kisha kompyuta hujifunza kutofautisha rangi zake, zikiwamo rangi za mwanga ambazo jicho la binadamu haliwezi kuziona, na kuipanga delta nzima katika makundi hayo. Hilo ni tawi la akili mnemba, na kwa kulitumia mtu huweza kufuatilia mwaka kwa mwaka namna mpunga ulivyosogea ndani ya mikoko upande wa kaskazini, ambako maji baridi ni mengi.

Likielezwa ofisini, jambo hilo huonekana limekwisha. Likiletwa Salale, linafunguka upya. Setilaiti hizo hupita juu ya ukanda huu asubuhi, baina ya saa nne na saa tano, na saa hiyo haibadiliki, kwa kuwa njia yao imepangwa ilingane na jua. Maji ya bahari hayafuati jua, yanafuata zaidi mwezi, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Katika pwani ya kuanzia Dar es Salaam kuelekea Mafia, siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu na muda huohuo wa asubuhi, na siku za maji mafu muda huo huangukia maji yakiwa yamejaa, ijapokuwa hayajajaa sana. Hivyo picha ya delta iliyopigwa katika bamvua huonyesha tope pana na mizizi iliyo wazi, na iliyopigwa juma moja baadaye huonyesha maji, na kompyuta isiyoambiwa habari za mwezi huweza kutangaza kwamba mikoko imepungua kumbe kilichobadilika ni maji tu. Mvuvi wa Nyamisati anaijua kalenda hiyo kwa moyo, kwa sababu ndiyo inayompangia siku za kutega na siku za kupumzika. Mtafiti anayeishi naye ataiingiza katika hesabu zake mwezi wa kwanza. Aliye mbali huenda akaigundua baada ya mtahini kumuuliza.

Ndivyo ilivyo pia katika kuhakiki. Ramani ya kompyuta haiaminiki mpaka mtu afike katika nukta kadhaa zilizochaguliwa na kuandika kilichopo hasa, na katika delta maana yake ni kuingia vijito kwa mtumbwi maji yakijaa, kupata alama ya mahali kwa simu, na kutofautisha mkoko wenye mizizi ya matao, mchu unaochomoza mizizi kama vijiti juu ya tope, msinzi, mkandaa na mkomafi. Chini ya matawi mazito simu hukosea mahali kwa mita kadhaa zaidi kuliko kwenye uwazi, na kosa hilo laweza kuihamisha nukta kutoka kipande kimoja cha picha hadi kingine. Marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye kazi yake ndiyo msingi wa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara wa mwaka 1991, aliijenga elimu yake kwa kukutana na misitu hiyo ana kwa ana, na zana mpya hazijaiondoa haja hiyo.

Yapo maswali mengine yanayongoja. Kujazwa kwa bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, kulianza Desemba 2022, na Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti; namna maji, tope na chumvi vinavyobadilika chini ya bwawa ni jambo la kufuatiliwa kwa vipimo vya miaka mingi, na mifumo ya kuvikusanya vipimo hivyo kutoka vijiji visivyo na mawasiliano ya uhakika bado ni uwanja wa utafiti. Vivyo hivyo katika afya. Kuanzia mwaka 1998 ufuatiliaji wa kaya wa Rufiji, uliosimamiwa baadaye na Taasisi ya Afya Ifakara, ulikuwa ukizitembelea kaya za kata za bara kama Kibiti, Bungu na Ikwiriri kila baada ya miezi minne na kuandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Kuifikisha kazi kama hiyo kwa kaya zinazofikiwa kwa mashua ni tatizo la TEHAMA kwa kiasi kilekile ambacho ni tatizo la afya.

Kikwazo kinachotajwa mbele ya vyote ni mtandao wenyewe. Ni kweli kwamba mawimbi ya simu hudhoofika kadiri mtu anavyoingia kwenye mikoko, kwani majani mabichi na maji huyanyonya, na kwamba mwenye kutegemea sola hufanya kazi kwa kadiri betri inavyoruhusu. Lakini uzamivu wa TEHAMA una nafuu ambayo fani nyingine hazina. Picha moja ya Sentinel-2, inayofunika eneo la takriban kilomita 110 kwa 110, ina ukubwa wa mamia ya megabaiti, na kuzipakua picha za miaka kumi kwa bando la simu ni kazi isiyowezekana. Hata hivyo siku hizi picha hizo hukaa kwenye kompyuta kubwa za mbali, kama zile za Google Earth Engine, na mwanafunzi hutuma maagizo yaliyoandikwa, ambayo ni mepesi kuliko picha moja ya WhatsApp, kazi ikafanyika huko na akarudishiwa jedwali au ramani ndogo. Ukusanyaji wa data nao una programu kama ODK, iliyobuniwa mwaka 2008, inayohifadhi majibu ndani ya simu na kuyatuma simu inapofika penye mawasiliano. Na maandiko ya sayansi ya kompyuta kwa sehemu kubwa husomeka bure: hazina ya arXiv imekuwa wazi tangu 1991, na mpango wa Research4Life huzifungulia taasisi za nchi kama Tanzania majarida ambayo vinginevyo yangelipiwa fedha nyingi. Anayepanga vizuri huweza kushuka hadi penye mawimbi mara chache kwa juma, akapakua makala na kutuma kazi, kisha akarudi kusoma.

Kinachowaangusha wanafunzi wa masafa mara nyingi zaidi ni upweke. Mwanafunzi aliye chuoni husikia katika korido kwamba mbinu yake imepitwa na wakati. Aliye Salale hasikii mpaka aulize. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ada, anayeomba nafasi anapaswa kujua msimamizi wake atakuwa nani, ameandika nini kuhusu jambo linalokaribiana na lake, anasimamia wangapi, na wamekubaliana kukutana kila baada ya muda gani, mtandao ukikatika wafanyeje. Ni vyema pia kuomba msimamizi wa pili aliye karibu, mtaalamu wa misitu au uvuvi kwa mfano, kwa kuwa tasnifu ya namna hii husimama juu ya fani mbili. Kabla ya mtandao kuenea, Watanzania wengi walipata uzamivu wao kwa utaratibu wa kugawa muda kati ya chuo cha Ulaya na uwanja wa utafiti nyumbani. Chuo Kikuu cha Oslo kiliwalea kwa njia hiyo watafiti waliochunguza mifumo ya taarifa za afya katika wilaya za Tanzania, sehemu ya mtandao wa utafiti ulioanzia Afrika Kusini mwaka 1994 na kuzaa programu ya DHIS2 inayotumiwa leo na Wizara ya Afya. Hao walikuwa na darasa la wenzao wanaouliza maswali yanayofanana, na uzamivu wa mtandaoni usiojenga kundi la namna hiyo, hata kama ni la mikutano ya kila wiki kwa video, unamnyima mwanafunzi nusu ya malezi.

Kuhusu uhalali, neno ni fupi. Mwaka 2015 iliripotiwa duniani kote kwamba kampuni moja ya Pakistani, Axact, ilikuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwapo popote isipokuwa kwenye kurasa za mtandao, na hapa nchini uhakiki wa mwaka 2017 uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayotambua shahada za nje, na kuiuliza kabla ya kulipa ni jambo la lazima. Chuo kinachoahidi uzamivu kwa miezi michache, au kisichoweza kutaja mtahini wa nje, hakitoi uzamivu.

Linabaki jambo ambalo anayeishi delta hawezi kulikwepa. Mikoko ya Rufiji ni hifadhi ya serikali tangu enzi za ukoloni, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, huku kilimo cha mpunga ndani yake kikiwa na mvutano wa muda mrefu baina ya wakulima na wasimamizi wa misitu. Ramani yenye vipande vya mita 10 haisemi tu kwamba mikoko imepungua; yaweza kuonyesha shamba la nani liko wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze anazikusanya kwa kusudi gani na asizitumie kwa jingine, na kibali cha chuo, barua ya mkoa, ya halmashauri na ya mtendaji wa kijiji ni hatua za kawaida. Hata hivyo mwenye shamba haulizi habari za barua. Anauliza ramani hii itampeleka wapi. Mtafiti anayechapisha matokeo kwa kata nzima badala ya shamba kwa shamba, anayefuta alama za mahali kabla ya kuziweka data hadharani, na anayeyaleta matokeo katika mkutano mkuu wa kijiji kwa Kiswahili, ilhali tasnifu yenyewe kwa kawaida imeandikwa kwa Kiingereza, atakuwa amefanya sehemu ya uzamivu ambayo watahini hawaipi alama. Na ni haki matokeo hayo yasomwe Salale yakiwa bado ni rasimu, wakati mkulima au mvuvi angali na nafasi ya kusema kwamba hapa pameandikwa mpunga kumbe ni tope la bamvua, na marekebisho yake yakaingia.